Maji ya Jirani wa Juu

Kadutu imejengwa kama ngazi.
Bati la huyu liko sawa na kizingiti cha yule,
na mvua ikinyesha hakuna siri:
maji ya Zihindula hupita jikoni kwangu
kabla hayajaliona ziwa.

Miaka minne nimemhesabia.
Mfuko wa makala uliolowa, Oktoba.
Unga wa bugali, kilo tatu, wiki ya Pasaka.
Kiatu cha mtoto, kimoja tu, cha kushoto,
kilichotoka nyumbani usiku bila kuaga.
Nilikuwa na daftari, msinicheke.
Niliandika kurasa za nyuma,
pale watoto walipoachia kujumlisha.

Jumapili padri alihubiri habari za jirani.
Alihubiri vizuri, kwa sauti ya mtu
anayekaa juu kabisa,
mahali pasipofika maji ya mtu.
Kisha tukapeana amani.
Nilimpa wa kulia, nikampa wa kushoto,
nikageuka nikampa mtoto mwenye kamasi.
Zihindula alikuwa benchi ya mbele yangu,
amekwisha kugeuka, mkono umenyooshwa.
Nikainama kuokota kitambaa
ambacho hakikuanguka.

Jumanne mvua ikaja, si ile ya kubisha hodi.
Saa nane za usiku maji yalinifika vifundoni,
sufuria zikielea, zikigongana
kama wageni wasiojuana kwenye matanga.
Nikalichukua beleshi la marehemu mume wangu.
Sitasema uongo:
sikulichukua kwa ajili ya kuchimba.
Nikapanda, vidole vikishika udongo,
na njiani nikayapanga maneno, moja moja,
yote yana meno.

Nikamkuta ndani ya mfereji.
Amekaa kwenye tope, mguu ule mbovu
ameunyoosha kando kama gogo,
anachota udongo kwa sahani.
Sahani ya kulia chakula.
Nsimire, binti yake, amejifunika karai kichwani,
anammulikia kwa simu iliyopasuka kioo.
Ukingo wote wa juu ulikuwa umeporomoka.
Akainua uso.
"Mama Cirhuza, unisamehe.
Najaribu kuyazuia yasikufikie."

Maneno yangu yenye meno
yakabaki kinywani, yakaniuma mimi.

Sikumjibu. Nilitaka, Mungu anajua,
lakini ulimi ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa.
Nikaingia mferejini.
Beleshi moja, sahani moja,
mpaka kengele ya misa ya kwanza,
na hatukuambiana neno
ila "sogea" na "hapo, hapo".
Ilikuwa ndefu kuliko rozari
na sikusinzia.

Kulipopambazuka nikashuka nikiyafuata maji,
sijui kwa nini, labda kujivunia kazi.
Yalipita vizuri kando ya jiko langu.
Yakazunguka choo, yakapenya chini ya ua,
yakaingia kwa M'Birindwa.

M'Birindwa, anayenisalimu kila siku.
Anayeniuliza kikohozi kimefikia wapi.
Aliyeniletea sombe siku ya arobaini,
amelifunika kwa kitenge lisipoe.
Nilimkuta anakamua mkeka.
Ukutani kwake maji yameandika,
mstari juu ya mstari, rangi ya chai,
nikahesabu mpaka nane nikaacha.
Miaka yote hiyo nimekuwa nikitazama juu.

Nilitafuta kwa macho, chumba kizima,
kama naye ana daftari.
Kulikuwa na kiti, msalaba wa mti,
na viatu vya watoto vimepangwa juu ya kabati,
juu kabisa, jozi kwa jozi,
kama mtu aliyekwisha kujifunza.

"Jambo, mama," akasema. "Umelala kidogo?"

Nikarudi kuchukua beleshi.